Bati Kwenye Ubeti wa Tatu

Jotham amenichosha. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari zake kwa kumsifu. Huu ni mwaka wa sita nampigia ngoma, na sijui kama kuna wiki moja iliyopita bila kumsonya. Kila nikiapa kwamba leo ndiyo basi, Jumamosi ikifika najikuta nimeshika vijiti vyangu nateremka Bagamoyo.

Si Bagamoyo ya pwani. Ni hii yetu, kata ya hapa mjini Tukuyu, ambako Jotham ana kibanda cha kutengeneza redio, simu na spika. Nataka kusimulia jinsi ubeti mmoja wa wimbo wake, mistari mitatu tu, ulivyotaka kumkosesha baba yake mzazi, na jinsi mimi, niliyejiona mwenye akili kuliko wote, nilivyoingiza mkono wangu pasipostahili.

Kwanza mumjue mwenyewe. Ana miaka thelathini na moja, hana mke, na vidole vyake vimejaa alama za kuungua. Redio ya mtu inaweza kukaa kwake miezi minne. Mwenyewe akija anaambiwa, "Njoo Jumanne," na hasemi Jumanne ipi. Muziki wa panki aliupata kwenye simu ya mteja. Mteja kaleta simu ibadilishwe kioo, na ndani mna nyimbo za vijana wa Ulaya wanaopiga gitaa kama wanagombana nalo. Jotham akasikiliza siku tatu mfululizo. Simu ikarudi kwa mwenyewe na kioo kilekile kilichopasuka, lakini fundi alikuwa ameshaokoka.

Bendi akaiita Kutu. Tuko watatu. Jotham anaimba na kupiga gitaa. Besi anapiga Innocent, mtaalamu wa maabara wa hospitali, mwenyeji wa Moshi aliyepangiwa kazi huku akatukuta. Ukimuuliza Innocent jambo lolote, liwe la muziki au la nyumba kuungua, atajibu, "Mimi sawa tu." Wa tatu ni mimi, Sekela. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Makandana, na ngoma nilijifunzia kwenye kwaya ya kanisani kabla sijapotea.

Ngoma zangu ni mbili za kawaida na pipa moja la plastiki. Halafu kuna bati. Ni bati la nyumba, la zamani, lenye kutu. Tulilichukua nyumbani kwao Jotham kule Mpuguso, mwaka ule baba yake alipoezua nyumba akaweka mabati mapya. Tumelining'iniza kwenye fremu ya mbao. Ukilipiga kwa nondo, aliye karibu anakumbuka dhambi zake zote.

Muziki wetu sasa, jamani. Wimbo mmoja dakika moja, mwingine dakika kumi na saba. Hakuna kiitikio. Mwendo unabadilika katikati bila taarifa, na Jotham anageuza spika iangaliane na gitaa ili ipige yowe. Jotham alikuwa anayaita majaribio. Mimi nilikuwa nayaita maumivu ya kichwa, lakini napiga. Harusi moja hapa mjini, mjomba wa bibi harusi alisimama dakika ya tatu, akachomoa waya ukutani, akatushukuru kwa kuja, akatuonyesha sahani zetu za wali. Hatukuruhusiwa hata kufika wimbo wa pili.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutuacha, naye ni mzee Amoni, baba yake Jotham. Tukipiga popote anapanda kutoka Mpuguso na koti lake la kijivu, kofia na mwamvuli, anakaa mbele kabisa, wala hazibi masikio. Tukimaliza anapiga makofi peke yake. Halafu anakuja kusema maneno yaleyale, akianza na asante sana ya Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwanangu. Sauti unayo. Maneno ndiyo sikuyapata." Na Jotham atacheka, ajibu, "Ni mambo ya vijana, baba." Mzee analipokea jibu hilo, anafungua mwamvuli, anashuka zake. Jumapili Jotham huenda kula kwake.

Kazi ya mzee Amoni ni kununua viazi. Anapanda kule juu Isongole, ananunua kwa wakulima, anajaza fuso. Mnajua viazi vinavyouzwa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu mnunuzi anasema bado, anashonea wavu juu yake, anaongeza viazi mpaka gunia linavaa kofia. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja, na kile kilichomo kwenye kofia mkulima anakipa buriani. Serikali imekataza, lakini ukisimama barabarani utaziona zinapita.

Kutu tulikuwa na wimbo unaitwa "Lumbesa", tena tangu mwanzo kabisa. Beti mbili za kwanza zina maneno makali kweli, ingawa ukitusikia huambulii hata moja. Ubeti wa tatu Jotham aliniambia hauna maneno, ni kelele tu. Hapo nilitakiwa nilipige bati kwa nguvu zangu zote huku yeye anapiga mayowe. Nikaamini. Ningejuaje, na mimi ndiye niliyekuwa naziba?

Sasa mwaka jana akaja dukani kwangu Marietha, afisa kilimo, mtu wa Bukoba, anataka fotokopi. Akaona karatasi ya beti mbili niliyomchapia Jotham. Akaisoma, akairudia.

"Dada Sekela, haya maneno ya nani?"

"Ya bendi yetu."

"Hii bendi si ndiyo niliyoisikia kwenye sherehe ya shule? Mbona nilidhani mnatengeneza jenereta?"

Nikameza hasira, mteja ni mteja. Akasema kuna siku ya wakulima inakuja, pale uwanja wa mpira, wakulima watashuka kutoka kata zote. Anatutaka tuimbe huo wimbo, lakini tuuimbe watu wausikie. Uwe na kiitikio. Watu waondoke nao mdomoni.

Nilikimbia mpaka Bagamoyo bila kufunga duka. Miaka mitano nilikuwa namwambia Jotham kitu hichohicho! Alinuna siku mbili. Alisema tunauza panki kwa bei ya nyanya zilizooza. Siku ya tatu nikakuta ametunga kiitikio, na kilikuwa kizuri mpaka nikaona wivu:

*Vua kofia, gunia, vua!*
*Mdomo ufungwe, mizani itajua!*

Tulikipiga mara nne. Mara ya tano, Lilian, mama anayekaanga maandazi nyuma ya ukuta wa kibanda, akaanza kuitikia hukohuko kwenye karai lake.

"Umesikia?" Jotham akasema amekunja uso. "Wimbo unaoimbwa na mtu wa maandazi si panki."

"Na wimbo usioimbwa na mtu yeyote ni nini?" nikamuuliza.

Ubeti wa kwanza tukausafisha. Wa pili tukausafisha. Tulipofika wa tatu, yote niliyokuwa nimeyavumilia yakanipanda kichwani. Jotham alisema ule unabaki na bati na mayowe yake. Nikamwambia watu watakuwa wameshashika wimbo, wanacheza, halafu wewe unawamwagia maji ya moto? Tunga maneno. Akasema hatungi. Basi tuufute. Hafuti. Jumamosi tukakubaliana bati linatoka. Jumamosi iliyofuata nakuta bati limening'inizwa palepale na nondo iko juu ya kiti changu.

"Jotham, tulikubaliana nini?"

"Nimefikiri tena."

"Umefikiri na nani? Innocent, wewe unasemaje?"

"Mimi sawa tu."

Nilirusha vijiti. Kimoja kikampata Innocent begani, na kusema kweli sikujuta. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, miezi mitatu. Nikitoa bati, yeye anarudisha. Nikimbembeleza anajitia hamnazo. Nikamwambia ana kiburi, anapenda kutoeleweka kwa sababu akieleweka itaonekana hana la kusema. Hilo lilimuuma, nilimwona. Lakini akawa anakaza nyuzi za gitaa zilizokuwa zimeshakazwa.

Jumamosi mbili kabla ya siku yenyewe tulikuwa tunapiga mchana. Mvua yetu hii isiyo na adabu ilikuwa imepumzika kidogo. Tukaingia ubeti wa tatu, spika zinalia, nami nimeshanyanyua nondo, umeme ukakatika. Gitaa likafa. Besi ikafa. Mimi nikashusha mkono. Lakini Jotham alikuwa amefumba macho na mdomo uko wazi, na mdomo hauendi kwa umeme. Akaendelea peke yake, kwa sauti ya kufika Mbeya:

*Anayeshona kofia, jioni ananiita mwanangu,*
*madebe mawili juu, ya baba za wenzangu,*
*moja likawa ada, moja gitaa langu!*

Akafumbua macho. Nyuma ya ukuta hata maandazi yalikuwa yamenyamaza.

"Kumbe yana maneno," nilisema.

Jotham akakaa chini, kwenye sakafu, na gitaa lake shingoni. "Nilisoma na watoto wa Isongole, Sekela. Nililala nao bweni moja. Wao walirudishwa nyumbani kwa ada, mimi sikurudishwa hata siku moja. Nilijua kwa nini."

"Na mzee anajua kwamba unamwimba?"

"Angejua angekuja kupiga makofi?"

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Nikiuimba unanitoka kifuani. Yeye anapiga makofi, mimi Jumapili nakwenda kula kwake. Nikiuimba wazi, sijui kama nitakuwa na kwetu tena."

Ningekuwa mtu mwema ningemwonea huruma palepale. Mimi nilipandwa na hasira. "Yaani masikio yangu yanavuma mpaka nashindwa kusikia simu, kumbe namfichia mzee wako? Ulisema majaribio! Ulisema sanaa! Khaa! Ufute huo ubeti, tumalize, kila mtu abaki na baba yake."

"Nikiufuta nitakuwa nawaimba wanunuzi ambao ni baba za watu wengine tu," alisema. "Huo utakuwa uongo."

Nikamgeukia Innocent anisaidie. Akafungua mdomo. Nikamwambia asithubutu.

Siku ya wakulima ikafika. Asubuhi, tukipanga vyombo jukwaani, Jotham alinijia. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Leo hakuna bati," akasema. "Naimba wazi. Atakachoamua mzee, ataamua."

"Una uhakika?"

"Sina. Ila naimba."

Bati tulikuwa tumelileta kwa mazoea, liko pembeni yangu na nondo yake. Nikamwambia sawa, silipigi. Na nilipomwambia hivyo nilikuwa nasema kweli.

Watu walijaa. Wakulima wa viazi wa Isongole walikuja kundi zima, wamesimama kushoto. Mzee Amoni akaja na koti lake, mbele kabisa kama kawaida. Kabla hajakaa akapanda mpaka kwenye ngoma zangu kunisalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hizi." Akanipa chane la ndizi mbivu, amelifunga kwa jani. "Leo piga polepole, Sekela. Haya masikio yangu ni ya uzee."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake. Lakini zile ndizi zilinimaliza. Nilizitazama pale chini, karibu na pipa, na kila nikizitazama namwona mzee huyu miaka mitano amekaa peke yake kwenye viti vitupu anatupigia makofi wakati wengine wanachomoa waya.

Tukaanza. Marietha alikuwa amesema watu waondoke nao mdomoni, lakini hawakungoja kuondoka. Mara ya pili ya kiitikio uwanja mzima uliimba. Tulipofika "vua kofia", mkulima mmoja wa Isongole akaivua kofia yake kweli akaipunga juu, wenzake wakafuata, na mara ya tatu kila mwenye kofia pale uwanjani alikuwa anaivua. Mimi napiga huku nalia kwa furaha, sioni hata ngoma. Mzee Amoni naye akaivua yake. Wengine walizirudisha kichwani. Yeye aliiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili.

Ubeti wa tatu ukaja. Jotham akasogea kwenye maiki, akamtazama baba yake. Akavuta pumzi. Na mimi, Sekela, niliyepigana miezi mitatu bati litoke, nikaangusha vijiti, nikashika nondo, nikalipiga. Nililipiga mistari yote mitatu. Sikuacha hata upenyo wa neno moja.

Wimbo ukaisha kwa kiitikio, watu wakapiga kelele za furaha. Mzee Amoni hakupiga makofi.

Nyuma ya jukwaa Jotham alinikamata mkono. "Nani amekutuma?"

"Nilikuonea huruma. Nilimwonea huruma."

"Miezi mitatu! Miezi mitatu unanitoa roho kwamba nitoe bati, leo nimepata nguvu ya kulitoa, unalipiga wewe? Wewe?"

"Jamani, mimi naona—" Innocent akaanza.

"Nyamaza!" tukamwambia wote wawili.

Ndipo tukamwona mzee amesimama pale, kofia mkononi, mwamvuli kwapani. Sijui alikuwa amesimama muda gani.

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema. "Sauti unayo. Beti mbili leo nimezipata. Wa tatu ndio sikuupata." Akanigeukia mimi. "Nilikuomba upige polepole."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na nondo yangu.

"Yule mama wa maandazi ana ndugu Isongole," mzee akaendelea, taratibu tu. "Wiki iliyopita nimepanda kununua viazi, wakulima wananitazama wanacheka chini kwa chini. Nikauliza. Wakaniambia, mzee, mwanao amekuimba, umo kwenye ubeti wa tatu. Nikasema sitasikia kwa watu. Nimekuja kusikia mwenyewe, na huyu binti amenipigia bati. Imba."

"Baba, hapa?"

"Imba."

Jotham aliimba. Bila gitaa, bila maiki, na ile sauti yote ya kufika Mbeya ilikuwa haipo. Alikwama kwenye "ananiita mwanangu", akaanza tena. Mzee alisikiliza huku anatazama bati. Mkono wangu niliubana kwapani nisije nikafanya ujinga mwingine. Jotham alipomaliza, mzee alihamisha mwamvuli kwapa la pili.

"Umekosea," akasema.

Jotham akainamisha kichwa. Nikajua basi, ndiyo imekwisha, leo mtu hana kwao.

"Madebe hayakuwa mawili," mzee akasema. "Yalikuwa matatu. Moja ada, ni kweli. Moja gitaa, ni kweli, nililinunua mwenyewe Mbeya. La tatu umeliacha." Akanyoosha kidole, akaligonga bati kwa kifundo, taratibu, mara mbili. "Niliezeka nyumba. Hili ndilo lililotoka. Kama unaniimba, niimbe sawasawa."

Hata Innocent hakusema yuko sawa.

Mzee akavaa kofia yake, akafungua mwamvuli maana mvua ilikuwa inaanza tena. Alipofika kwenye ngazi akageuka. "Kesho Jumapili," akamwambia mwanawe. "Mama yako ameuliza kama akupikie maharage au akuchinjie kuku. Nimemwambia kuku." Akashuka.

Jotham akaketi juu ya spika akalia, kilio cha mtu mzima, hajifichi. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono yangu. Nikamenya ndizi moja nikampa. Akaila huku analia, akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Sekela," akasema, mdomo bado umejaa. "Ukifika dukani, ubeti wa tatu uuchape. Andika matatu."

Hajaniomba radhi. Mimi pia sijamwomba. Nilimsonya, nikabeba nondo na ndizi zilizobaki, nikaenda zangu Makandana kwenye mvua, nikawasha kompyuta, nikaandika matatu.